Herufi Moja Kwenye Chuma: Namna ya Kutambua Injini Iliyobadilishwa Katika Gari la Zamani

Wilayani Kilosa gari la zamani bado ni chombo cha kazi. Land Rover na Toyota Land Cruiser zenye umri wa miaka thelathini hadi arobaini zingali zikibeba mpunga na mahindi, zikipanda kuelekea vijiji vya milima ya Ukaguru na Rubeho, na zikikabiliana na tope la masika katika njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Baadhi zilinunuliwa katika minada ya taasisi za umma na mashamba makubwa. Nyingine zimekwisha kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa.

Ni nadra gari la umri huo kuwa na injini ileile iliyotoka nayo kiwandani. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haili kutu upesi, na chesisi yake hutengenezeka kwa kuchomelewa. Injini huchoka mapema zaidi: silinda hulika, hedi hupinda kwa joto, na gharama ya kuichonga upya ikilinganishwa na bei ya injini ya mtumba, wamiliki wengi huchagua mtumba. Kubadilisha injini si kosa. Tatizo huanza pale ambapo injini iliyomo siyo iliyotajwa na muuzaji, au siyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari.

Ndugu mlaji, kosa la aina hii lina hasara tatu. Kwanza, unaweza kulipa bei ya injini bora na kupewa iliyo dhaifu. Pili, utanunua vipuri visivyolingana, na kila safari ya kwenda Morogoro au Dar es Salaam kuvitafuta ni gharama juu ya gharama. Tatu, na hii ndiyo nzito zaidi, injini isiyolingana na kadi inaweza kuzua maswali kwa askari wa usalama barabarani au wakati wa kuhamisha umiliki, na ikibainika kuwa iliibwa, unaweza kupoteza injini pamoja na fedha zako. Makala hii inaeleza namna ya kusoma namba zilizogongwa kwenye bloku ya injini na kuzilinganisha na kadi kabla hujatoa hata shilingi moja.

UJAZO WA INJINI PEKE YAKE HAUTOSHI

Wanunuzi wengi hutazama sehemu moja tu ya kadi, yaani ujazo wa injini, ambao huandikwa kwa cc. Wakiona tarakimu zinafanana na maneno ya muuzaji, huridhika. Kwa magari ya zamani, kipimo hiki hupotosha.

Chukua Land Rover. Dizeli ya lita 2.5 isiyo na turbo, iliyoanza kufungwa mwaka 1984, ina cc 2,495. Dizeli yenye turbo ya mwaka 1986 hadi 1990 ina cc 2,495. Injini ya 200Tdi ina cc 2,495, na ya 300Tdi, iliyoanza mwaka 1994, nayo ni cc 2,495. Hizi ni injini nne tofauti. Ya kwanza hutoa takriban nguvu za farasi 68, ya pili 85, ya tatu 107 ikiwa ni ya Defender, na ya nne 111. Kwenye mteremko wa utelezi ukiwa na mzigo, tofauti ya 68 na 111 utaihisi mara moja. Hata hivyo, kwenye kadi zote nne huonekana sawa.

Toyota nayo ina mtego kama huo. Injini ya 2H na ya 12H-T zote zina cc 3,980, lakini ya pili ina turbo. Injini ya 1HZ na ya 1HD-T zote zina cc 4,164, na hapo pia ya pili ndiyo yenye turbo. Kwa hiyo ujazo unaweza kukuambia kuwa muuzaji amekosea, lakini hauwezi kukuthibitishia kuwa amesema kweli. Kinachotofautisha injini hizi ni msimbo wa mwanzo wa namba iliyogongwa kwenye chuma.

MAHALI PA KUTAFUTA NAMBA

Kwenye bloku ya injini kuna maandishi ya aina mbili, na ni muhimu kuyatofautisha. Maandishi yaliyoinuka juu ya chuma yalitokana na kalibu wakati bloku ilipomiminwa kiwandani. Hayo kwa kawaida ni namba ya kipuri, na bloku nyingi huwa nayo ileile. Maandishi yaliyozama ndani ya chuma, mahali palipolainishwa, yaligongwa kwa chapa baadaye. Hiyo ndiyo namba ya injini, na ndiyo inayopaswa kuonekana kwenye kadi.

Katika Land Rover za zamani zenye injini ya lita 2.25 au 2.5 isiyo Tdi, itafute upande wa kushoto wa bloku, sehemu ya mbele, karibu na manifoldi ya kutolea moshi. Kushoto hapa ni kushoto kwa mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele. Katika 200Tdi na 300Tdi, namba iko upande wa kulia wa bloku, juu ya kifuniko cha ubavuni cha kemshafti. Kwa Toyota, tafuta mahali palipolainishwa ubavuni mwa bloku. Mwombe fundi wako, siyo wa muuzaji, akuonyeshe.

Mara nyingi utakuta pamefunikwa na oili iliyochanganyika na vumbi. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha brashi ya waya iliyo laini. Pakikauka, sugua chaki juu ya chuma na ufute kidogo kwa kiganja: chaki itabaki ndani ya mikato na namba itasomeka. Mulika kwa tochi kutoka pembeni, kisha piga picha. Usitumie msasa mkali wala mashine ya kusagia. Chuma kilichosagwa hufanana na chuma kilichochezewa, na lawama inaweza kukurudia wewe siku ya ukaguzi.

MISIMBO YA LAND ROVER

Namba ya injini ya Land Rover za tangu miaka ya 1980 huanza kwa tarakimu mbili na herufi moja, kisha hufuata tarakimu za mfululizo, na mwishoni herufi inayoonyesha toleo. Misimbo ya mwanzo inayokutwa zaidi ni hii:

Petroli
- 11H: lita 2.25, cc 2,286.
- 17H: lita 2.5, cc 2,495.

Dizeli isiyo Tdi
- 10J: lita 2.25, cc 2,286.
- 12J: lita 2.5, cc 2,495, haina turbo.
- 19J: lita 2.5, cc 2,495, ina turbo.

Tdi
- 11L: 200Tdi iliyotengenezwa kwa ajili ya Defender.
- 12L: 200Tdi iliyotengenezwa kwa ajili ya Discovery.
- 16L hadi 23L: 300Tdi.

Injini za lita 2.25 za mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilizofungwa katika Land Rover za Series III, huanza kwa tarakimu tatu bila herufi: 361 na 364 ni petroli, na 366 ni dizeli.

Tazama tena orodha hiyo, na utaona kuwa uzito wote uko kwenye herufi. H ni petroli, J ni dizeli ya kabla ya Tdi, na L ni Tdi. Namba 12J na 12L zinatofautiana kwa herufi moja, na chini ya oili herufi hizo mbili huweza kuchanganywa. Namba 19J na 19L vilevile. Msomaji asiye makini atadhani amesoma vibaya au kwamba kadi ilikosewa kuchapwa, kumbe ameshika injini mbili zisizofanana.

MISIMBO YA TOYOTA LAND CRUISER

Kwa Toyota, namba ya injini huanza kwa jina la injini yenyewe. Ukiona 1HZ ikifuatiwa na tarakimu za mfululizo, injini hiyo ni 1HZ. Herufi ya katikati hutaja familia: F ni petroli, B na H ni dizeli. Herufi T baada ya kistari huashiria turbo iliyofungwa kiwandani.

Toyota ina faida nyingine kwa mnunuzi: msimbo wa modeli ya gari, uliopo kwenye bamba katika ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva, hutaja familia ya injini iliyofungwa kiwandani. FJ ni familia ya F. BJ ni familia ya B. HJ ni familia ya H, kama vile 2H. HZJ ni 1HZ. Kwa hiyo bamba likisema BJ na chuma kikisema 1HZ, injini imebadilishwa, hata kama muuzaji hakutaja jambo hilo.

Kumbuka pia kuwa turbo inaweza kuongezwa na fundi mahali popote. Injini ya 1HZ iliyoongezewa turbo haigeuki kuwa 1HD-T. Pistoni na mfumo wake wa dizeli ni tofauti, na msimbo uliogongwa haubadiliki.

MIFANO MIWILI

Mifano hii ni ya kubuni, kwa ajili ya mafunzo.

Mkulima wa Ulaya anataka kununua Land Rover 110 ya mwaka 1988 inayouzwa Mikumi. Muuzaji anasema injini ya awali ilitolewa na kuwekwa 300Tdi, na kwa sababu hiyo ameongeza bei. Kadi inaonyesha dizeli, cc 2,495. Mnunuzi anasugua chaki upande wa kulia wa bloku, asione kitu. Anahamia kushoto, karibu na manifoldi ya moshi, na hapo anakuta namba inayoanza na 19J. Anaifungua kadi tena, safari hii kwenye mstari wa namba ya injini, na kuikuta namba ileile, tarakimu kwa tarakimu. Injini haikubadilishwa kamwe. Ni ile ya mwaka 1988, yenye turbo, lakini si Tdi. Nayo ni injini inayofahamika kwa mafundi kuwa pistoni zake huweza kupasuka ikizidiwa na joto. Gari hilo laweza kumfaa bado, lakini kwa bei ya 19J.

Mfano wa pili. Mfanyabiashara wa Kilosa mjini anaonyeshwa Land Rover ambayo kadi yake ina namba inayoanza na 12J. Kwenye chuma anasoma 12L. Muuzaji anamwambia kuwa ni kosa la mwandishi wa kadi. Mnunuzi anatazama mahali namba ilipo: upande wa kulia, pale ambapo Tdi hugongwa. Anaitazama turbo, ambayo 12J haina. Basi hii ni 200Tdi ya Discovery iliyohamishiwa humo. Injini yenyewe ni nzuri kuliko ya awali, lakini katika Discovery turbo hukaa chini zaidi na hugusana na chesisi ya Land Rover ya aina hii isiporekebishwa. Mnunuzi anapaswa kuuliza marekebisho hayo yalifanywaje. La muhimu zaidi, anapaswa kuuliza injini ilitoka gari gani na karatasi zake ziko wapi, kwa kuwa kadi bado inataja injini ambayo haimo.

Katika mfano wa kwanza namba imemwokoa mnunuzi asilipe zaidi. Katika wa pili imemwokoa asirithi tatizo la mtu mwingine.

MASHAHIDI WATATU: CHUMA, BAMBA NA KADI

Usiamini shahidi mmoja. Linganisha watatu.

1. Chuma. Soma namba ya injini kwenye bloku na namba ya chesisi kwenye chesisi yenyewe. Katika Defender, namba ya chesisi iko upande wa kulia mbele, karibu na mahali spiringi inapofungwa.
2. Bamba. Soma bamba la kiwandani. Linganisha namba ya chesisi iliyo juu yake na ile iliyogongwa kwenye chesisi. Kwa Defender zenye namba ya herufi na tarakimu 17, alama ya nane hueleza injini iliyofungwa kiwandani. F, kwa mfano, huashiria Tdi.
3. Kadi. Soma namba ya injini, namba ya chesisi, aina ya mafuta, ujazo na mwaka wa kutengenezwa.

Chesisi zisipolingana, acha gari hilo. Chesisi zikilingana na injini ikatofautiana, injini imebadilishwa na usajili haujarekebishwa. Mwambie muuzaji akamilishe marekebisho hayo katika Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambayo ndiyo inayosajili magari, kabla ya kukuhamishia umiliki. Usikubali ahadi kwamba utarekebisha mwenyewe baadaye: karatasi za asili ya injini anazo yeye, na baada ya mauzo huenda usimwone tena.

DALILI ZA NAMBA ILIYOCHEZEWA

Simama na ujiulize ukiona yafuatayo:
- herufi au tarakimu zisizo katika mstari mmoja, au zenye vina tofauti;
- alama za kusagwa, au sehemu ya namba iliyo chini kuliko chuma kinachoizunguka;
- rangi mpya mahali pa namba tu, wakati bloku nzima ni kuukuu;
- chuma kilichoongezwa kwa kuchomelewa;
- mahali pa namba pakiwa patupu kabisa.

Dalili ya mwisho si ushahidi wa wizi, kwa sababu bloku mpya ya akiba inaweza kutoka kiwandani bila namba. Lakini hapo risiti ya bloku hiyo inahitajika zaidi kuliko kawaida. Ukiwa na shaka yoyote, omba gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa Jeshi la Polisi kabla ya malipo. Muuzaji mwaminifu hatakuwa na sababu ya kukataa.

BAADA YA KUNUNUA: VIPURI HUFUATA INJINI

Gari lililobadilishwa injini lina majina mawili. Breki, springi na taa hununuliwa kwa jina la gari. Kila kitu cha injini hununuliwa kwa msimbo wa injini. Ukiomba dukani "mkanda wa taimingi wa Land Rover 110" bila kutaja msimbo, unaweza kupewa wa 200Tdi kwa injini ya 300Tdi, na mikanda hiyo haifanani. Gasketi ya hedi vilevile. Injini za lita 2.25 hazina mkanda kabisa, hutumia cheni. Mkanda usiofaa ukikatika gari likiwa katika mwendo, valvu hugongana na pistoni, na injini uliyoinunua kwa akiba ya miaka inaharibika kwa sekunde chache.

Andika msimbo na namba kamili ndani ya daftari la gari, na uwe na picha yake kwenye simu. Fundi mpya akija, mwonyeshe hiyo kwanza.

HAKI ZAKO

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji au kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Kuiita 19J kuwa ni 300Tdi ni maelezo ya aina hiyo. Ukiuziwa hivyo na mfanyabiashara wa magari au wa injini, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Ukiuziwa na mtu binafsi, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, zinakupa msingi wa kudai mahakamani, kwa kuwa bidhaa iliyouzwa kwa maelezo inapaswa kulingana na maelezo hayo.

Haki hizi zina nguvu pale tu unapokuwa na ushahidi. Kwa hiyo katika hati ya mauziano usiandike "Land Rover 110" na kuishia hapo. Andika namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini kama ilivyo kwenye chuma, na aina ya injini kama muuzaji alivyoitaja kwa kinywa chake. Muuzaji atie saini, na mashahidi wawepo. Kwa injini iliyonunuliwa peke yake, dai risiti ya mashine ya kielektroniki yenye namba ya injini, pamoja na nakala ya nyaraka za mahali ilikotoka.

KWA UFUPI

- Soma namba iliyozama kwenye chuma, siyo iliyoinuka.
- Usiridhike na ujazo. Soma msimbo wa mwanzo, na herufi yake kwa makini.
- Linganisha chuma, bamba na kadi.
- Marekebisho ya usajili yatangulie malipo.
- Andika namba kamili katika hati ya mauziano.

Kazi yote hii inahitaji kitambaa, mafuta ya taa kidogo, kipande cha chaki, tochi na nusu saa. Muuzaji akikuharakisha, mwambie ungali unasoma.